Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Afya na Usalama katika Migodi ya Makaa ya Mawe ya Chini ya Ardhi

Maswali haya yamekusanywa Lubumbashi, kwa vijana walioahidiwa kazi katika migodi ya makaa ya mawe, kwa wake na wazazi wao, na kwa wazee waliozeekea katika shaba ambao wanataka kujua kama ujuzi wao utafaa huko. Pale ambapo jibu moja linagusa lingine, msomaji ataelekezwa kwenye swali lenye maelezo kamili.

## Mambo ya mwanzo

1. Je, makaa ya mawe ni kitu kimoja na makala tunayopikia?

Hapana. Makala ya mbabula, yaani jiko la makala, ni mti uliochomwa kwa siku kadhaa chini ya udongo bila hewa ya kutosha, ilhali makaa ya mawe ni mimea ya kale iliyofukiwa na kugandamizwa kwa mamilioni ya miaka mpaka ikawa mwamba. Kufanana kwa majina kumewapoteza wengi: kijana anaambiwa kuna "kazi ya makala", naye anafikiri ni kupakia magunia.

Hata hivyo, viwili hivi vina sumu moja, nayo ni monoksidi ya kaboni. Katika miezi ya baridi, Juni na Julai, kuna familia zinazoingiza mbabula chumbani, zikafunga mlango na madirisha, zikalala. Gesi hiyo haina harufu wala rangi, na anayeivuta huona usingizi tu. Aliyewahi kuamka na kichwa kinachopasuka baada ya usiku wa namna hiyo ameonja kidogo kile kilichowaua wachimbaji wengi wa makaa ya mawe (tazama swali la 8).

2. Je, katika Katanga kuna makaa ya mawe kweli?

Yapo. Ya Luena, katika eneo la Bukama, yamechimbwa tangu miaka ya 1920, na kuna mengine katika bonde la Lukuga karibu na Kalemie. Ni makaa yenye majivu mengi, yasiyofaa kutengenezea koki (makaa ya mawe yaliyookwa bila hewa ili yatumike katika matanuri ya madini), na ndiyo maana tanuri la kuyeyushia shaba la Lubumbashi, lililotoa shaba yake ya kwanza mwaka 1911, lilitegemea koki iliyoletwa kwa reli kutoka Wankie, mahali panapoitwa Hwange siku hizi, nchini Zimbabwe.

Kwa hiyo mji huu umekula jasho la wachimbaji wa makaa ya mawe tangu ulipozaliwa, ingawa wengi wetu hatukuwaona. Tarehe 6 Juni 1972 mgodi mmoja wa Wankie ulilipuka na watu 427 wakafa, wakiwamo wengi waliotoka nchi jirani kama Malawi na Zambia. Mgodi ulifungwa, na karibu miili yote ikabaki humo humo.

3. Nimefanya kazi chini ya ardhi katika shaba. Kuna tofauti gani?

Ujuzi wa kuishi gizani, kuheshimu paa na kusikiliza mwamba utakufaa. Kinachobadilika ni kwamba mwamba wa shaba hauungui, ilhali makaa ya mawe yanaungua, yanatoa gesi inayolipuka, na vumbi lake pia linalipuka. Fundi wa shaba aliyezoea kuvuta sigara kwenye kona yenye hewa nzuri lazima aelewe kwamba katika mgodi wa makaa ya mawe kupatikana na kiberiti mfukoni ni kosa la kufukuzwa kazi, na ni haki kabisa. Hata taa, simu za mgodini na mota huundwa kwa namna ya pekee ili cheche isitoke nje. Simu ya kawaida ya mkononi inabaki juu.

4. Watu wanaposema "uchimbaji mkubwa", wanamaanisha nini?

Kuna njia mbili kuu. Ya kwanza ni ya vyumba na nguzo: wachimbaji wanatoa makaa na kuacha nguzo za makaa yenyewe zibebe paa. Ya pili ni ya ukuta mrefu: mashine yenye ngoma zinazozunguka, zilizojaa meno, inakwenda na kurudi kando ya ukuta wa makaa wenye urefu wa mita 200, 300 au zaidi, ikimenya tabaka baada ya tabaka. Wafanyakazi wanajikinga chini ya mhimili wa vyuma vinavyosukumwa kwa maji yenye shinikizo, na vyuma hivyo vinaposogea mbele, paa lililoachwa nyuma linaporomoshwa kwa makusudi.

Njia ya ukuta mrefu inaweka watu wachache zaidi chini ya paa lisilo salama, na hilo ni jema. Lakini mashine inayokata makaa mengi kwa saa moja inatoa pia gesi nyingi na vumbi jingi kwa saa hiyo hiyo. Kama feni na maji havikuongezwa kwa kiwango kile kile, mgodi huo mpya unaosifiwa kwa mitambo yake unaweza kuwa mbaya zaidi kwa mapafu kuliko ule wa zamani wa sururu.

## Gesi, vumbi na moto

5. Ni gesi zipi zinazopatikana humo?

Ya kwanza ni methani, gesi ile ile iliyomo ndani ya ziwa Kivu. Haina harufu, ni nyepesi kuliko hewa, hukusanyika chini ya paa na katika mashimo ya juu, na hulipuka inapokuwa kati ya asilimia 5 na asilimia 15 ya hewa. Karibu na asilimia 9.5 ndipo mlipuko huwa mkali kuliko wote. Ya pili ni dioksidi ya kaboni, ambayo watu wa Goma wanaijua kwa jina la mazuku: nzito kuliko hewa, hutuama mabondeni na kuua mbuzi, na mtoto aliyeinama, kabla ya mtu mzima aliyesimama. Mgodini nayo hutuama sakafuni na katika njia zinazoteremka. Ya tatu ni monoksidi ya kaboni, mtoto wa moto na milipuko. Kuna pia gesi inayonuka kama mayai viza, ambayo hatari yake ni kwamba ikizidi pua haiisikii tena.

Ndiyo maana anayepima gesi huinua kipimo hadi darini kutafuta methani, kisha hukishusha karibu na viatu kutafuta mazuku. Ukimwona mpimaji anayepima kifuani tu na kuandika namba katika daftari, mweleze kapita wako, yaani msimamizi.

6. Kama methani hulipuka kati ya asilimia 5 na 15, je, ikifika asilimia 20 tuko salama?

Swali hili huulizwa na vijana wenye akili, na jibu lake ni hapana. Methani nyingi kiasi hicho haiwezi kubaki vile vile: hewa safi inapoingia, kiwango kinashuka, na kikishuka lazima kipite katika eneo la mlipuko. Aidha, methani inapojaa inachukua nafasi ya oksijeni.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwetu tuliozoea umeme kukatika. Feni kubwa ikisimama, gesi inaanza kujikusanya dakika hiyo hiyo. Utaratibu unaokubalika ni kwamba watu watoke, feni iwashwe kwanza, gesi ipimwe na wenye ujuzi, na ndipo umeme wa mashine urudishwe. Mgodi ambao umeme ukirudi kila kitu kinawaka kwa pamoja, huku watu wamekaa wakisubiri kwenye ukuta wa makaa, mimi nisingemshauri mtoto wangu aingie humo. Nchini Marekani sheria inataka umeme wa mashine uzimwe methani inapofika asilimia 1, na watu waondolewe inapofika asilimia 1.5, yaani mapema sana kabla ya asilimia 5.

7. Vumbi linalipukaje?

Unga wa mahindi ukimwagwa juu ya moto kwa fungu unafukia moto. Ukipeperushwa hewani unawaka wote kwa pamoja, na wenye vinu wanalijua hilo. Vumbi la makaa ya mawe hufanya vivyo hivyo. Kwa kawaida methani kidogo inalipuka mahali pamoja, upepo wa mlipuko huo unatifua vumbi lililolala sakafuni na kutani, vumbi linawaka, mlipuko unatifua vumbi jingine mbele yake, na moto unakimbia kilometa nyingi za mahandaki. Huko Courrières, kaskazini mwa Ufaransa, tarehe 10 Machi 1906, watu 1,099 walikufa kwa mlipuko wa namna hiyo.

Dawa yake ni ya bei nafuu: unga wa mawe ya chokaa. Hupulizwa kutani, darini na sakafuni, ili vumbi likitifuka litifuke pamoja na kitu kisichoungua. Sheria ya Marekani inadai kwamba angalau asilimia 80 ya vumbi lililolala mgodini liwe lisiloungua. Kwa hiyo mgodi wa makaa ya mawe unaotunzwa vizuri una kuta nyeupe au za kijivu. Ukiingia ukakuta njia kuu ni nyeusi tititi, na nyayo zako zinazama katika vumbi kama katika unga, umekwisha kuona ripoti ya usalama ya mgodi huo bila kuisoma. Katika mgodi wa Upper Big Branch, jimbo la West Virginia, watu 29 walikufa tarehe 5 Aprili 2010. Wachunguzi walikuta meno ya mashine yaliyochakaa, vinyunyizio vya maji visivyofanya kazi, na vumbi lililoachwa lirundikane.

8. Je, waliokufa huwa wameungua?

Baadhi yao. Wengi zaidi huuawa na monoksidi ya kaboni, wakiwa mbali na moto. Tarehe 8 Agosti 1956, huko Marcinelle nchini Ubelgiji, gari la makaa lilipakiwa vibaya katika kizimba cha kupandishia, likakata mabomba ya mafuta na nyaya za umeme, na moshi ukavutwa ndani ya mgodi na ile ile hewa iliyokusudiwa kuwapa watu uhai. Walikufa 262, wakiwamo Waitalia 136. Katika mgodi wa Soma nchini Uturuki, tarehe 13 Mei 2014, walikufa 301, wengi wao kwa gesi hiyo hiyo.

Hapo zamani wachimbaji walibeba ndege wadogo waliozimia mapema kuliko binadamu. Uingereza iliwaacha ndege hao mwaka 1986. Leo kila mtu anapaswa kuwa na kifaa cha kujiokoa mkandani. Vipo vya aina mbili: vinavyochuja monoksidi ya kaboni, na vinavyotoa oksijeni. Kinachochuja hakikusaidii mahali ambapo oksijeni yenyewe imekwisha. Uliza unapewa kipi na kinadumu dakika ngapi, kisha jizoeze kukivaa ukiwa umefumba macho, kwa kuwa siku ya moshi hutaona hata mkono wako.

## Paa na nguzo

9. Nitajuaje kwamba paa linataka kuanguka?

Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa na mtalimbo mrefu kuliko yeye. Kabla ya mtu yeyote kupita, aligonga paa kwa ncha yake huku kiganja cha mkono wa pili kimegusa mwamba. Mwamba mzima hulia kama kengele. Mwamba ulioachana na wa juu yake hutoa sauti ya ngoma iliyolegea, na kiganja kinasikia mtetemo hata pale sikio linaposhindwa kwa kelele za mashine. Alisimama daima upande ambao paa lilikwisha kupimwa, kamwe si chini ya jiwe analoligonga. Ukisikia punje ndogo zinadondoka mfululizo, au nguzo za mbao zinalia, usirudi kuchukua jembe lako.

Njia hii ina mpaka wake: haigundui ufa ulio mita kadhaa juu ya paa, wala haipimi uzito uliobebwa na nguzo. Huko Coalbrook, Afrika Kusini, tarehe 21 Januari 1960, nguzo za makaa zilivunjika moja baada ya nyingine katika eneo kubwa, na zaidi ya watu 430 wakafukiwa. Nguzo hupangwa kwa hesabu za wahandisi, na anayezipunguza "kidogo tu" ili kuongeza uzalishaji anakula msingi wa nyumba anayolala.

## Mapafu

10. Ugonjwa wa mapafu meusi ni nini, na je, unapona?

Ni kovu la mapafu linalosababishwa na vumbi la makaa ya mawe. Vumbi linaloonekana kwa macho hunaswa puani na kooni. Linaloua ni lile lisiloonekana, dogo kuliko sehemu 5 za elfu moja za milimita, linaloshuka mpaka mwisho wa mapafu na kukaa humo. Mwanzoni hakuna dalili. Baadaye huja kikohozi, pumzi fupi wakati wa kupanda kilima, na mwishowe pumzi fupi hata wakati wa kuvaa shati.

Haponi mtu. Dawa hupunguza kikohozi na maambukizi, lakini kovu halifutiki. Wala si ugonjwa wa zamani: mwaka 2018 watafiti wa Marekani walieleza wagonjwa 416 wa hatua yake mbaya kabisa waliogunduliwa katika zahanati tatu za jimbo la Virginia kati ya 2013 na 2017, katika nchi yenye sheria ya vumbi tangu 1969. Sababu mojawapo inayotajwa ni kwamba tabaka nene za makaa zimekwisha, hivyo mashine zinakata mwamba pamoja na makaa na kutoa silika, vumbi la mawe ambalo ni kali zaidi.

11. Je, maziwa yanasafisha vumbi kifuani?

Hapana. Maziwa huenda tumboni, vumbi liko mapafuni, na hakuna njia kati ya viwili hivyo. Imani hii imeenea mno, hata waajiri wameshagawa maziwa badala ya kurekebisha hewa. Yanywe kwa sababu ni chakula kizuri, kisha uulize maji ya kunyunyizia yako wapi.

12. Kitambaa au barakoa ya kawaida inatosha?

Haitoshi, vumbi lililotajwa katika swali la 10 linapita katikati ya nyuzi. Hata barakoa nzuri ya kuchuja ni kinga ya mwisho, kwa kuwa inavuja kwa mwenye ndevu na inavuliwa na anayetaka kupumua vizuri kwenye joto. Kinga ya kwanza ni maji kwenye meno ya mashine na hewa inayolisukuma vumbi mbali na uso wa mfanyakazi.

13. Mume wangu aliacha mgodi miaka mitano iliyopita. Mbona kikohozi kinazidi?

Mama, vumbi lililoingia halikuacha kazi siku alipoacha yeye. Kovu linaweza kuendelea kukua miaka mingi baada ya mtu kuondoka, na wengine picha yao ya mapafu ilikuwa safi siku ya kustaafu. Apigwe picha tena, apimwe nguvu ya pumzi, aache sigara kabisa, na aonyeshe picha za zamani ili zilinganishwe.

14. Tumwamini nani, anayesema ni kifua kikuu au anayesema ni vumbi?

Huenda wote wawili wana haki. Mapafu yaliyoumizwa na silika hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi, mara 3 hivi kuliko ya mtu mwingine. Baba yangu mdogo alitibiwa kifua kikuu mara mbili katika kituo kimoja cha afya bila mtu yeyote kumwuliza alifanya kazi gani. Makohozi hayakuwahi kuonyesha vijidudu, na picha ilipofika kwa daktari aliyejua migodi alihitaji dakika moja tu. Kwa hiyo makohozi yapimwe bila kuchelewa, kwa kuwa kifua kikuu kinatibika na kinaambukiza nyumba nzima. Na kabla ya yote, mgonjwa aseme mwenyewe: nimefanya kazi mgodini miaka kadhaa, katika kazi fulani.

15. Je, nguo za kazi zinaweza kuwadhuru walio nyumbani?

Zisikung'utwe ndani ya nyumba wala mbele ya watoto. Ziloweshwe kabla ya kufuliwa. Lililo bora ni mgodi kuwa na bafu na mahali pa kufulia, ili vumbi libaki kwa mwenye nalo.

16. Kuna madhara mengine ya mwili?

Kelele za mashine huua masikio polepole, na aliyepoteza usikivu hasikii tena paa linapolia. Migongo na magoti huharibika katika tabaka fupi ambako mtu anafanya kazi ameinama zamu nzima.

## Wanaoishi juu ya mgodi

17. Nyumba zetu ziko juu ya mahandaki. Tuogope nini?

Ardhi kushuka, kwanza kabisa. Kwa njia ya ukuta mrefu hushuka mapema na kwa kiasi kinachoweza kukadiriwa; kwa njia ya nguzo inaweza kushuka ghafla, hata miaka mingi baada ya mgodi kufungwa. Nyufa zinazopanuka, milango isiyofunga tena, na kisima kilichokauka bila sababu viandikwe pamoja na tarehe. Pili ni maji: miamba yenye salfa ikikutana na hewa na maji hutoa asidi, na kijito kinageuka rangi ya kutu. Tatu ni marundo ya mabaki. Huko Aberfan, Wales, tarehe 21 Oktoba 1966, rundo lililojengwa juu ya chemchemi liliteleza likafunika shule. Walikufa 144, na 116 kati yao walikuwa watoto.

## Haki na hali za pekee

18. Naweza kukataa kushuka nikiona hatari?

Mkataba namba 176 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1995, unamtambulia mchimbaji haki ya kuondoka mahali penye hatari kubwa kwa usalama au afya yake, pamoja na haki ya kuelezwa hatari za kazi yake. Zambia na Zimbabwe, ambako vijana wengi wa kwetu huenda kutafuta kazi, zimeuridhia. Kataa mbele ya mashahidi, taja unachokiona ("feni imesimama", "kipimo kinaonyesha 1.6"), usiseme tu kwamba unaogopa, na umjulishe mwakilishi wa wafanyakazi.

19. Nihifadhi karatasi gani?

Mkataba wa kazi, karatasi za malipo, kadi ya CNSS (mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii), na picha ya mapafu iliyopigwa kabla ya kuanza kazi, ambayo wengi huidharau. Ugonjwa wa kazi huja baada ya miaka 10 au 20, wakati ambapo kampuni ndogo iliyokuajiri kwa niaba ya kampuni kubwa imekwisha kubadili jina, na bila picha ya kwanza watasema ulikuja na ugonjwa wako. Usikubali picha zako zibaki zote katika kabati la mwajiri.

20. Kuna shimo la zamani lililoachwa. Je, tunaweza kuingia kuokota makaa yaliyobaki?

Msiingie. Makaa ya mawe yaliyoachwa yanakunywa oksijeni polepole, na mahali pasipo feni panabaki hewa inayoonekana safi lakini haina uhai. Mtu haoni dalili: hatua kumi, miguu inalegea, anaanguka. Mwenzake anamfuata kumvuta, naye anaanguka juu yake; wa tatu vivyo hivyo, na mara nyingi hao watatu ni ndugu. Zaidi ya hayo, kiberiti kinachowashwa ili kupima hewa ndicho kinachoweza kuwasha methani iliyo darini.

Mwenzenu akiwa ameshaanguka humo, asiingie mtu bila kifaa cha oksijeni. Mmoja akimbie kuwaita waokoaji wa mgodi ulio karibu, wengine wabaki mlangoni kuwazuia mama na kaka zake wasiingie, kwa nguvu ikibidi. Kamba inafaa ikiwa tu alijifunga kiunoni kabla ya kuingia.